Kwa sungura jike mzee, uchunguzi utangulie kisu

Katika nyumba nyingi za Koni, Likasi na Kambove, sungura ni nyama inayongoja siku yake. Anakula matembele na majani ya kando ya njia, anazaa, watoto wake wanauzwa ao wanaliwa, na siku anapoacha kuzaa anaingia kwenye sufuria. Lakini kuna sungura wengine walioponyoka. Mtoto alimpa jina, bibi akamzoea, kila mtu akaona haya kumchinja, na miaka mitano ikapita. Huyo si mfugo tena, amekuwa mkaaji wa nyumba. Na akifikia umri huo, familia inakutana na swali ambalo wazee hawakuwahi kuuliza: atolewe kizazi, ao aachwe alivyo?

Swali hilo mara nyingi linaletwa na simu. Mwenye sungura anatafuta kwa Kifaransa kwenye intaneti, na baada ya dakika chache anasoma kwamba sungura jike asiyetolewa kizazi atapata kansa ya mfuko wa uzazi, tena kwa asilimia 80. Anashtuka. Kesho yake anaanza kumtafuta mtu yeyote mwenye wembe na dawa ya kulaza. Woga wake una msingi. Haraka yake ndiyo haina. Kwa sungura jike mzee anayeishi Koni, mbali na hospitali ya wanyama yenye vifaa, jibu la busara si «ndiyo» ya siku hiyo hiyo, wala «hapana» ya milele. Ni uchunguzi kwanza, kisu baadaye, na kisu hicho kiwe mkononi mwa mtu aliyekwisha kupasua sungura wengine wakaamka.

Ugonjwa upo kweli

Wapo watakaosema hii ni hadithi ya wazungu. Watasema wamefuga sungura tangu utoto na hawajaona hata mmoja mwenye kansa. Wanasema ukweli, lakini sababu yake ni nyepesi: sungura wa kufugwa kwa ajili ya nyama hafiki umri wa kuugua ugonjwa huo. Anachinjwa akiwa na miezi michache, na mama wa kuzalisha huondolewa akiwa na miaka miwili ao mitatu. Sungura anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 8 hadi 12. Ni katika nusu ya pili ya maisha hayo ndipo mfuko wa uzazi unapoanza kuleta matata. Aliyezoea kuona sungura wa miaka miwili hawezi kuwa shahidi wa yanayompata sungura wa miaka sita.

Kansa ya mfuko wa uzazi imechunguzwa kwa sungura tangu karne iliyopita, hasa katika makundi yaliyofugwa kwenye maabara za Marekani. Katika kundi moja lililofuatiliwa kwa miaka mingi, sungura majike wenye miaka miwili hadi mitatu waliokuwa na uvimbe huo walikuwa karibu asilimia 4. Kwa wale wenye miaka mitano hadi sita, walifika karibu asilimia 80. Hapo ndipo namba inayozunguka kwenye simu ilipozaliwa.

Namba hiyo si uongo, ila inahitaji kusomwa kwa akili. Ilitoka kwa sungura wa maabara, wa ukoo fulani, waliozaana wao kwa wao. Hatari inabadilika kulingana na ukoo. Sungura wa Koni, ambaye babu zake ni mchanganyiko wa kila aina iliyopita sokoni, hawezi kupewa asilimia 80 kana kwamba ni cheti chake cha kuzaliwa. Kinachobaki bila ubishi ni hiki: umri ukipanda, hatari inapanda pia, na inapanda sana. Mwenye sungura wa miaka mitano asidanganywe kwamba hakuna kitu.

Lakini kisu nacho kinaua

Upande wa pili wa hesabu hausomwi mara nyingi. Nchini Uingereza, kati ya 2002 na 2004, watafiti walifuatilia maelfu ya wanyama waliolazwa kwa dawa katika kliniki za kawaida, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kati ya mbwa 1.000, waliokufa kwa sababu ya dawa ya kulaza ao muda mfupi baadaye walikuwa karibu 2. Kwa paka, karibu 2 pia. Kwa sungura walikuwa karibu 14. Sungura wenye afya nzuri walikufa 7 kwa 1.000, lakini wale waliokuwa tayari wagonjwa walifika 74 kwa 1.000, yaani mmoja kati ya kila 14 hivi.

Jambo la kukumbuka zaidi: zaidi ya nusu ya sungura hao hawakufa mezani. Walikufa baada ya oparesheni, wakati watu wanadhani kazi imekwisha. Na hiyo ilikuwa Uingereza, katika kliniki zenye oksijeni, joto la kutosha, dawa za maumivu na mashine za kulaza. Koni haina vifaa hivyo kwa ajili ya sungura. Hivyo, kama vile asilimia 80 ya Marekani isivyoweza kuhamishwa moja kwa moja hadi kando ya mto Lufira, vifo 7 kwa 1.000 vya Uingereza navyo havihamishiki. Aliyechukua namba ya kwanza ili kuogopesha na namba ya pili ili kutuliza, amechukua zote mbili kutoka mahali pasipofanana na kwake.

Kwa nini sungura anakufa kwa urahisi hivi? Kwanza, tumbo lake halipendi kusimama. Matumbo yake yanahitaji majani yapite saa zote, usiku na mchana. Akikaa na njaa ao na maumivu, matumbo yanasimama, hewa inajaa, na katika siku moja ao mbili anaweza kufa. Kwa sababu hiyo sungura hafungishwi chakula usiku mzima kabla ya oparesheni kama mtu. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo sababu inayofanya mtu alale bila kula haimhusu. Anayemwambia mwenye sungura «asile kuanzia jana jioni» amejionyesha mwenyewe kwamba hajui mnyama huyu.

Pili, sungura ni mnyama wa kuwindwa, na mnyama wa kuwindwa haonyeshi maumivu. Katika hadithi za Katanga, Kalulu anamshinda simba kwa ujanja. Katika maisha ya kweli, ujanja mkubwa wa sungura ni kuficha ugonjwa wake hadi mwisho, na ujanja huo unamgeukia yeye mwenyewe. Aliyepasuliwa bila dawa ya maumivu hatalia. Ataketi kwenye kona, ataacha kula, na siku ya tatu watu watasema «roho yake ilikuwa nyepesi». Roho haikuwa nyepesi. Dawa ndiyo ilikosekana.

Tatu, dawa zinazotolewa kwa wema zinaweza kummaliza. Amoksisilini ya vidonge ao ya maji, ile inayouzwa katika kila farmasi ya mtaa, ni hatari kwa sungura akiimeza, kwa sababu inaua vijidudu vyema vya matumbo yake na kuacha vibaya vitawale. Ni rahisi sana, baada ya oparesheni, mtu mwenye huruma kumpa sungura nusu kidonge cha mtoto «ili kidonda kisioze». Kidonda kitapona, na sungura atakufa.

Umeme unapita, kliniki haipo

Koni inajulikana kwa bwawa lake la umeme. Mtambo ulijengwa wakati wa Union Minière, katika miaka ya 1940, chini ya ule wa Mwadingusha uliotangulia mwaka 1930, na una uwezo wa megawati 42. Maji ya Lufira yanazungusha mashine, na umeme unaenda kwenye migodi na viwanda vya shaba. Hata hivyo katika mitaa mingi ya Likasi kukatika kwa umeme ni jambo la kila wiki, na watu wamezoea neno «delestaji» kama wanavyozoea jina la jirani.

Kwa oparesheni ya sungura, hilo si malalamiko ya kando. Mashine ya oksijeni inahitaji umeme. Taa ya mezani inahitaji umeme. Sungura aliyelazwa anapoteza joto la mwili haraka, na katika Katanga ya Juu usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni wa baridi kweli. Mtu anayepasua sungura jioni ya Juni, katika chumba kisicho na joto, bila uhakika wa umeme, anabahatisha.

Kilomita karibu 120 kutoka Likasi, mjini Lubumbashi, kuna fakulte ya uganga wa wanyama ya UNILU, ambayo imefundisha sehemu kubwa ya waganga wa mifugo wa eneo hili. Mahali pa kuanzia kuuliza ni huko, ao kwa mganga wa mifugo wa Likasi aliyepita huko. Wengi wao walifundishwa zaidi juu ya ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku, kwa kuwa hao ndio wanaolisha inchi. Hilo si kosa lao. Ndiyo maana maswali ya mwenye sungura hayapaswi kuonekana kama dharau. Amewahi kutoa kizazi cha sungura? Wangapi, na wangapi waliamka? Atatumia dawa gani ya kulaza, na atampima uzito kwanza? Atatoa dawa gani ya maumivu, kwa siku ngapi? Nani atabaki naye hadi aamke? Mganga mzuri atajibu bila kukasirika, na mganga mzuri zaidi anaweza kusema «mnyama huyu sijamzoea, mpelekeni kwa fulani». Jibu hilo la mwisho lina thamani kuliko ahadi kumi.

Jinsi ya kuamua

Basi familia ifanye nini? Ianze kwa kumwangalia mnyama wenyewe, si umri wake tu. Uzee si ugonjwa. Sungura wa miaka sita anayekula, anayeruka na asiyepungua uzito yuko katika hali tofauti kabisa na yule wa miaka minne anayetoka damu.

Dalili ya kwanza ya kutafuta ni damu kwenye mkojo ao kwenye majani anapolala. Hapa pia kuna mtego: mkojo wa sungura unaweza kuwa mwekundu ao wa rangi ya chungwa kwa sababu ya majani aliyokula, bila tone la damu. Karatasi ndogo ya kupimia mkojo, ile inayotumika katika vituo vya afya vya watu, inatosha kutenganisha rangi na damu. Ni kipimo cha bei ndogo kinachoweza kuzuia oparesheni isiyohitajika ao kuharakisha ile inayohitajika.

Baada ya hapo, tumbo lipapaswe na mtu anayejua, na maziwa yake yaangaliwe kama yana uvimbe. Uzito upimwe kila wiki, hata kwa mizani ya muuza unga, na uandikwe. Jike ambaye alikuwa anazaa vizuri kisha akaanza kutoa watoto wafu, ao akaacha kushika mimba, anastahili kuangaliwa mapema. Likasi kuna ekografi, na mganga wa mifugo anayeweza kupata nafasi ya kuitumia ataona mengi bila kukata hata unywele.

Matokeo yakija, njia zinajitenga tatu.

Kama kuna damu ya kweli ao uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, na kifua bado kiko safi, basi oparesheni inastahili kufanywa, hata akiwa na miaka sita ao saba. Kansa hii kwa kawaida inakwenda polepole. Ikiondolewa kabla haijatoka kwenye mfuko, sungura anaweza kupona kabisa. Kumwacha kwa sababu «amekwisha kuzeeka» ni kumhukumu kifo kibaya. Ila afanyiwe Lubumbashi ao popote penye mkono uliozoea, na kifua chake kipigwe picha kabla.

Kama kansa imekwisha kufika kwenye mapafu, kisu hakina kazi tena. Kinachobaki ni kumpunguzia maumivu, na siku anaposhindwa kula ao anapopumua kwa taabu, mganga amlaze asiamke. Kumpasua wakati huo kwa sababu familia inataka kusema «tulijaribu» ni kumtesa mnyama ili watu watulie.

Na kama hana dalili yoyote? Hapo ndipo mabishano yalipo. Wanaotetea kisu wana hoja yenye nguvu: namba za Uingereza zinaonyesha kwamba sungura mwenye afya anahimili dawa ya kulaza mara kumi zaidi ya mgonjwa. Kwa nini basi kungoja augue? Hoja hiyo ni sahihi, kwa sharti moja: mkono wenye uzoefu uwepo. Kwa jike wa miaka mitatu ao minne, mwenye afya, ambaye familia yake imepata mganga wa kuaminika na ina uwezo wa safari, kumtoa kizazi sasa ni uamuzi mzuri kuliko kungoja. Kwa wa miaka saba ao minane asiye na dalili, miaka iliyobaki ni michache, na uchunguzi kila miezi sita unamtosha. Na kwa yeyote ambaye mkono huo haujapatikana, ni bora angojewe akichunguzwa kuliko kupasuliwa na mtu anayejifunzia kwake.

Kama sababu ya kutaka oparesheni ni kuzuia uzazi tu, kisu kwa jike mzee si lazima hata kidogo. Akikaa peke yake hatazaa. Akiwa na dume, dume ndiye ahasiwe: ni kazi fupi zaidi, ya hatari ndogo zaidi, mradi watenganishwe kwa majuma kama sita baadaye, kwa kuwa mbegu zilizobaki bado zinaweza kutoa mimba. Mimba moja ni siku 30 hadi 32. Jike wa miaka sita hapaswi kubebeshwa mzigo huo tena.

Pesa kwa ajili ya sungura?

Kuna pingamizi ambalo haliwezi kukwepwa. Katika jimbo ambako mama anaweza kuzuiliwa hospitalini baada ya kuzaa kwa sababu hajalipa, nani ana haki ya kutoa dola kwa ajili ya mfuko wa uzazi wa sungura? Swali hili linaumiza, na linastahili jibu la wazi.

Familia isiyo na ada ya shule haipaswi kuona haya kukataa oparesheni. Hakuna anayeiba kwa sungura anapomlipia mtoto. Lakini kukataa oparesheni hakumaanishi kukataa kila kitu. Kumpima uzito, kumwangalia mkojo, kumtenga na dume, kumpa majani makavu ya kutosha, kutompa amoksisilini: mambo hayo yanaomba macho zaidi ya falanga. Na aliyeona kwamba hataweza kumtibu, mnyama akianza kuteseka, ana njia ya heshima: kumwita mganga amalize maumivu. Kilicho kibaya ni kumwacha akauke kwenye kona ya jiko mwezi mzima, ao kumpeleka sokoni akiwa na uvimbe na sindano za jana ili jirani mwingine ale bila kujua.

Kwa upande mwingine, anayeweza kulipa asichekwe. Mtoto anayeona wazazi wake wakimtafutia mnyama wake mganga anajifunza kwamba kiumbe dhaifu hatupwi kwa sababu ameacha kuleta faida. Somo hilo halitabaki kwa sungura tu. Litafika kwa babu, kwa shangazi mgonjwa, kwa kila mtu ambaye siku moja ataacha kuzaa na kuuza.

Tena kuna faida kwa wafugaji wote. Mganga wa Likasi anayeulizwa maswali mazuri juu ya sungura mmoja mzee atajifunza kuwalaza sungura, kuwapa dawa inayofaa na kutambua ugonjwa wao, na ujuzi huo utawafikia mama wanaofuga sungura 20 nyuma ya nyumba ili wapate ada ya shule. UNILU nayo ingefanya vizuri kuwapa wanafunzi wake saa zaidi juu ya mnyama huyu, ambaye anafugwa sehemu ndogo, anakula majani ya bure na anazidi kuonekana katika nyua za mijini.

Hadi siku hiyo, mwenye sungura jike mzee huko Koni aanze na mizani, karatasi ya mkojo na maswali matano kwa mganga. Akipata majibu mazuri na dalili mbaya, asafiri. Akipata dalili mbaya bila majibu mazuri, atafute mganga mwingine, hata kama ni Lubumbashi. Na akikosa dalili, ampe majani, aandike tarehe ya uchunguzi unaofuata, na ayaache maisha ya mnyama wake yaendelee.